Madogo wa stendapu, tuongee kuhusu joki za dini na makabila

Nimekaa kimya muda mrefu nikijua mtajirekebisha wenyewe, ila naona hali inazidi so leo niseme. Kila jukwaa la wazi ninalosimamia hapa Dar mambo ni yaleyale. Dogo anapanda, ana dakika tano, joki mbili za mwanzo zinabuma, jasho linamtoka, anakimbilia lafudhi ya Kisukuma, ikigoma anavaa sauti ya ustaadhi, nayo ikigoma anajitupa chini anaigiza mtu anayetolewa mapepo, ukumbi unachekacheka kwa huruma, anashuka anagongesha mikono na wenzake anaamini kaokoa seti, yaani zamu yake ya jukwaani. Mdogo wangu hujaokoa kitu. Umechekesha kwa kutumia watu ambao hujui kama wamo humo ndani, na hujui wanapitia nini.

Siwakatazi kugusa hayo mambo. Joki za dini na makabila ndo zetu haswa, ukizitoa tunabaki na foleni na mademu na hizo watu wamezichoka. Masanja Mkandamizaji katuchekesha miaka na Orijino Komedi na baadae akawa mchungaji kabisa, so mtu asikwambie komedi na madhabahu haviwezi kukaa nyumba moja. Ninachotaka mjue ni mpaka uko wapi, maana upo, na wengi mnautafuta sehemu siyo.

1. Utani mnaoutaja kila siku mnaujua nusu

Nikimsema dogo kuhusu joki ya kabila jibu ni lilelile, "broo si utani tu, Watanzania tumezoea". Sawa, tumezoea nini? Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu karne ya 19 kwa sababu wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wanashuka na misafara mpaka pwani, wanapita kwa Wazaramo, wanalala, wanakula, wakiugua wanauguzwa, wakifa wanazikwa. Wangoni na Wahehe walipigana vita kwanza, utani umekuja juu ya damu ili wajukuu waweze kula pamoja. Nendeni msibani mkamuangalie mtani akiwa kazini. Ataigiza marehemu alivyokuwa anatembea, atamuita bahili, ataingia kaburini agome kutoka mpaka apewe hela, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado usoni. Halafu mfuatilie huyohuyo, ndo kashika jembe tangu alfajiri, ndo anachota maji, ndo kasimamia masufuria, watu wakitawanyika yeye bado yupo anakunja maturubai. Ndo maana akimsema marehemu hakuna anayenuna.

Sasa wewe umemchana Mmakonde dakika tatu, huna hata rafiki Mmakonde, Newala hujafika, unachokijua ni chale na vinyago, halafu unaniambia ni mtani wako. Umempa nini?

Kuna dogo mmoja kwetu, Mpare, joki zake za Wachaga zinaua kila akipanda. Msikilizeni vizuri. Anaanza na Upare wake mwenyewe, zile habari za ndugu wawili wameuza ng'ombe wote kulipa mawakili wagombanie mbuzi mmoja, anawachana wajomba zake mpaka unawaonea huruma, na akija kuvuka kwenda Machame Wachaga humo ndani wanaona zamu yao imefika wanakaa vizuri wachanwe. Hakuna aliyemfundisha, kakulia kwenye nyumba yenye shemeji wa Kichaga wanaotukanana kila Krismasi na kuchinjiana mbuzi.

2. Kwenye dini gusa watu na vituko vyao

Viatu kupotea msikitini Ijumaa. Mchango wa ujenzi wa kanisa ulioanza uko darasa la kwanza na leo una mke na watoto bado tunapaua. Spika za mkesha kuelekezwa dirishani kwako. Ndugu anayekualika futari muhogo umejaa sinia, samaki kamficha jikoni. Mwanakwaya asiyeonekana mazoezini ila sare kashona wa kwanza. Hayo waumini wanayasimulia wenyewe wakiwa barazani, na kipimo changu ni hicho, kama muumini anaisimulia kwa wenzie na mimi naweza kuingia, nikiwa wa dini nyingine naingia kwa adabu. Mtume, Qur'an, msalaba, Ekaristi, swala ya maiti, hapo muumini hana kichekesho hata akiwa peke yake chumbani, na wewe usijifanye unacho.

Kuna wanaonijibu eti wenzetu nje wanagusa kila kitu. Wenzetu wapi? Januari 2021 kule Indore, India, Munawar Faruqui alikamatwa akituhumiwa kutukana miungu ya Kihindu, joki ambazo polisi hawakuwa na ushahidi kwamba alizitoa usiku ule, akakaa ndani zaidi ya mwezi mpaka Mahakama ya Juu ilipompa dhamana. Kwangu mimi alionewa, na nasema wazi mtu asifungwe kwa ajili ya joki. Ila muone jinsi jina likishachafuka kwenye mambo ya dini watu hawasubiri hata panchi, ule mstari wa kuchekesha.

3. Mafuta

Hii ndefu, nivumilieni.

Mnakumbuka tarehe 1 Februari 2020 Moshi, kwenye mkutano wa maombi, watu waliambiwa wapite wakanyage mafuta ya upako, wakakimbilia, wakakanyagana, wakafa watu 20. Mimi nikaandika joki. Sikuitoa wiki ileile, nilisubiri, na nikajiona mtu mzima kwa sababu nimesubiri. Joki ilikuwa kali, nawaambia ukweli, ndo nilikuwa nafungia nayo seti. Sinza ilipiga, Mikocheni ilipiga, Masaki watu waligonga meza. Aliyeniuliza nilimjibu vizuri tu, kwamba namchana mhubiri, nawachana wanaouza miujiza kwa masikini. Na niliamini hivyo kabisa.

Nikapata kazi ya u-MC kwenye sendoff Kimara, familia ya Kichaga, ukumbi umejaa, kamati iko vizuri, ratiba inaenda. Kati ya keki na zawadi pakawa na nafasi, mama mmoja wa kamati akaninong'oneza MC hebu changamsha kidogo. Nikachangamsha na ileile. Vijana nyuma walicheka. Meza za wazazi zikafa. Kuna kimya cha watu hawajaelewa, hicho nakijua na ninajua pa kutokea, hiki hakikuwa hicho. Baba wa binti anaangalia kitambaa cha meza. Mama kanyanyuka katoka nje, mashangazi wawili nyuma yake. Na mimi badala ya kuacha nikaona ukumbi umepoa nikaongeza, nikaingia kwenye kile kipande cha mama anayekimbia kashika pochi na kitenge kinamvuka, nikakiigiza chote, mwanzo mpaka mwisho, kwa mwili mzima. Mwenyekiti wa kamati akaja taratibu akanishika mkono wenye maiki akasema "MC, inatosha". DJ akaweka wimbo wa zawadi.

Mzee alinifuata nyuma ya ukumbi mwenyewe. Hakupaza sauti. Akaniambia, "Mwanangu, mdogo wake na mke wangu alikuwa mle. Alienda kumuombea mtoto wake anaumwa." Akanipa bahasha yangu, hela imetimia yote, akarudi ndani kwenye shughuli ya binti yake. Nilitamani anitukane, angenitukana ningepata pa kushika.

Kesho yake nikatafuta rekodi ya ile joki kwenye simu, nikachukua daftari, nikaandika kila mahali watu wanapocheka na wanamcheka nani. Mhubiri yumo kwenye sentensi moja, ya kwanza. Baada ya hapo ni wamama. Wanavyokimbia, wanavyosukumana, anayepoteza kiatu, anayerudi kukifuata. Vicheko vyote viko kwao. Yule niliyejitapa namchana alitoka salama, waliokufa ndo niliwachana mitaa yote ya jirani mpaka nikafika kwa ndugu zao. Na wale watu hawakwenda pale kwa ujinga. Walikwenda na magonjwa ambayo hospitali imewapa bei wakarudi nyumbani kujipanga, na watoto wamemaliza chuo hawana kazi, na ndoa zinazovunjika, mtu ana shida moja amehangaika nayo miaka anaambiwa leo ukikanyaga hapa inaisha. Nani hakimbii? Mama yangu mzazi ana chupa ya mafuta ya maombezi juu ya kabati, nimeiona tangu niko shule, na sikuwahi kuunganisha hiyo chupa na joki yangu.

Na kote nilikopita hakuna aliyenizuia. So mkija kunambia "broo lakini ukumbi ulicheka" naelewa sana mnachosema, na wangu ulicheka, ulicheka kwa sababu hapakuwa na mfiwa.

Sikuiacha mada. Watu wanaouza miujiza bado nawasema na nitaendelea kuwasema, ila sasa joki yangu ina mhubiri na ofisa wa kodi wa TRA anayemdai risiti ya mashine ya EFD ya kila chupa, mhubiri anaeleza kwamba ile ni sadaka, ofisa anauliza sadaka yenye bei mbili ya jumla na rejareja ni sadaka gani, na wamama wako pembeni wanadai chenji yao. Wanacheka wao, anahangaika yeye. Inapiga kuliko ile ya kwanza.

4. Vidogovidogo

Rekodi kila seti na uisikilize na kalamu. Muulize promota nani wako ukumbini leo, sio unashuka kwenye boda unapanda jukwaani. Usiigize ibada kwa mwili, kusujudu, kutawadha, kupokea komunyo, hata kama maneno yako hayana shida. Lafudhi peke yake sio joki. Zanzibar sio Kinondoni, na Ramadhani Zanzibar ndo kabisa. Joki ya mganga anayetafuta albino hapana, nchi hii watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa ajili ya ushirikina, wazazi wamehama vijiji kuficha watoto, hilo kwenye jukwaa langu silijadili na mtu.

5. Msidanganyike na upole wa Dar

Ni kweli tunaishi vizuri. Nyumba moja Ilala ina baba mdogo Muislamu na shangazi Mlutheri, pilau ya Idi inazunguka mtaa mzima, Krismasi hivyohivyo. Hiyo ndo inawapa ujasiri. Ila wengi mlikuwa wadogo Oktoba 2012 pale Mbagala. Ulikuwa ubishi wa watoto wawili, watoto kabisa, mmoja wa miaka 14 akakojolea Qur'an. Watu wakajaa kituoni wanataka wapewe yule mtoto, polisi na mabomu ya machozi, makanisa yakavamiwa na kuchomwa. Mbagala hiihii ambayo mnaenda kufanya shoo. Hakuna mchekeshaji aliyehusika pale, nawapa tu mjue ni kitu kidogo kiasi gani kinatosha, na siku hizi kila mtu ukumbini ana simu, klipu ya sekunde ishirini inatoka bila setapu, yaani bila maneno ya kuandalia joki, inafika kwa mtu ambaye hakulipa kiingilio na hakuja kucheka.

Na sheria mzisome jamani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 125 kinahusu kutukana dini na cha 129 kinahusu kuumiza kwa makusudi hisia za kidini za mtu, na hicho cha 129 hakiishii kwenye maneno, sauti imo, ishara imo, so yule anayesema "mimi sikusema kitu niliigiza tu" hajajitetea hapo. Klipu ikipanda mtandaoni kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kuna kanuni za maudhui za TCRA, wasimamizi wa mawasiliano. Kuna vipengele humo naona vinabana mno wasanii, na nimeshasema hivyo kwenye vikao. Bado vipo, na wa kulala ndani ni wewe, promota atazima simu.

6. Ukimuumiza mtu

Usiposti video ya kuomba radhi una miwani nyeusi na muziki wa huzuni, watu wanajua hiyo ni kiki. Nenda kwa miguu yako, na mtu mzima wa kwenu. Mimi Kimara nilirudi na mjomba wangu, bila simu mkononi. Tulikaribishwa, chai ikaletwa, mjomba akaongea kwanza kama inavyotakiwa, nami nikasema yangu. Mama wa binti aliniuliza swali moja tu, kama bado naitoa ile joki. Nikamwambia nimeiacha. Akasema haya, kunywa chai. Hatukuwa marafiki na sikutegemea tuwe, ila nikipita Kimara napita bila kuinamisha kichwa.

Jumanne ijayo, kabla hatujafungua jukwaa, kila mwenye joki ya dini au kabila aje na rekodi yake, sio maandishi, rekodi, tuisikilize wote na daftari tuone nani anachekwa. Tunaanza saa kumi kamili. Wanaotoka Chanika na Kigamboni nauli ya kurudia ntawasaidia, msiseme hamna.