Melini kuna daktari, je, kuna mashine?

SWALI: Shikamoo dada nesi. Mume wangu anasafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hapa Houston. Watoto wamechanga watupeleke safari ya meli ya siku 7, kutoka bandari ya Galveston hadi Cozumel, Mexico, na kurudi. Mzee ana Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, na bima ya nyongeza ya Medigap, Plan G. Kijana wetu anasema bima mbili zinatosha, na wakala wa safari ametuhakikishia melini kuna daktari. Mzee mwenyewe anasema ikishindikana ataruka zamu moja, haina neno. Je, bima italipa? – Mama N., Houston

JIBU: Marahaba, Mama N. Nianze na mzee, maana ananitia wasiwasi kuliko bima. Zamu hairukwi. Nimefanya kazi miaka mingi kando ya viti vile vya kusafishia damu, na wagonjwa walioruka zamu nawajua wakiingia mlangoni: miguu imevimba, pumzi fupi, potasiamu ya damuni imepanda mpaka moyo unapiga ovyo. Na melini chakula ni cha kujipakulia kutwa, ndizi, viazi, juisi ya machungwa vyenye potasiamu hiyo hiyo, na supu zenye chumvi. Hapo ndipo pabaya zaidi pa kuruka.

Sasa bima. Medicare yaweza kulipia matibabu ya melini kama daktari anaruhusiwa kisheria kutibu humo, na meli iko kwenye bandari ya Marekani au haijapita mwendo wa saa 6 kutoka bandari hiyo. Mkiondoka Galveston alasiri, kabla hamjaamka kesho yake saa hizo zimekwisha. Na hata zisingekwisha, daktari wa meli ana dripu, oksijeni na dawa za kichefuchefu. Mashine ya dialisisi, yaani ya kusafisha damu, kwa kawaida hana.

Plan G nayo ina fungu la safari za nje: mnatoa dola 250 za kwanza, yenyewe inalipa asilimia 80, na kikomo ni dola 50,000 kwa maisha yote. Ila fungu hilo ni la dharura. Dialisisi ya Jumatano ambayo kila mtu anajua ipo haiwezi kuitwa dharura. Kwa safari hiyo, basi, msitegemee bima hizo.

Zipo kampuni zinazopakia mashine, manesi na daktari wa figo kwenye safari maalumu. Gharama mnabeba wenyewe, Medicare hairudishi. Lakini kama wewe au mzee mna bima ya kazini, ulizeni. Katika miezi 30 ya kwanza ya kustahili Medicare kwa sababu ya figo, bima ya kazini ndiyo hutangulia kulipa, na baadhi hurudisha gharama za namna hii. Ombeni jibu la maandishi. La kwenye simu baadaye halina mwenyewe.

Mimi ningewaambia watoto wabadilishe bahari. Meli ya Pride of America huzunguka visiwa vya Hawaii kwa siku 7 kutoka Honolulu, na hulala bandarini Maui na Kauai. Huko kote ni Marekani. Mzee anashuka, anakwenda kituo cha nchi kavu, Medicare inalipa asilimia 80 yake kama Houston na Plan G inamalizia. Kwenye mji wa Kona mtashushwa kwa boti ndogo, na mawimbi yakichafuka ratiba inavurugika, kwa hiyo kwa zamu ya katikati ya wiki siku ya mji wa Hilo ni salama zaidi hata kama itabidi zamu isogezwe. Daktari wake wa figo aamue. Nauli ya ndege ni kubwa, najua.

Kiti cha kituo kwanza, tiketi baadaye. Ofisa ustawi wa jamii wa kituo chenu ndiye anayeomba nafasi kwenye kituo cha Hawaii, na huko watataka vipimo vya karibuni, majibu ya homa ya ini B na maagizo ya daktari kuhusu mashine. Anzeni miezi kadhaa mapema. Bima ya safari mnunue ndani ya wiki 2 baada ya malipo ya kwanza, mkihakikisha inakubali ugonjwa aliokuwa nao tayari na kwamba inalipia kumtoa mgonjwa melini kwa helikopta. Na masanduku abebe kijana, mkono wa fistula, ule wenye mshipa ulioungwa kwa ajili ya mashine, usiguse mzigo.