Kabla hujamfunga mtu kilemba cha kizamani, jua kwanza ni nani

Maigizo ya kizamani yamekuwa mengi kwetu Unguja na Pemba. Skuli zinaigiza, vikundi vya ngoma vinaigiza, na hata maharusi siku hizi wanataka usiku mmoja wa mavazi ya bibi zao. Mimi ndiye huitwa kufunga vichwa. Na ninachokikuta karibu kila mahali ni mwanamke mmoja tu wa zamani: buibui jeusi, kanga yenye maandishi makubwa, wanja mpaka masikioni. Binti wa Sultani wa mwaka 1860 kavaa hivyo, mchambuaji karafuu wa Pemba kavaa hivyo, na kungwi naye kavaa hivyo hivyo. Huo ni uvivu, wala si uzamani.

Kwa hiyo ukinipigia simu kuniuliza nguo gani inunuliwe soko la Darajani, na mimi nitakuuliza mawili: mwaka gani, na huyu mwanamke ni nani? Kichwa cha mwanamke wa Zanzibar kilikuwa kinasema yeye ni mtu wa daraja gani kabla hajafungua mdomo. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, utumwa wenyewe ukafutwa kisheria mwaka 1897, na masuria wakasubiri mpaka mwaka 1909. Zama za utumwa kujifunika kama mwungwana ilikuwa haki ya mwungwana, na mtumwa alikatazwa. Basi kama mchezo wenu ni wa shamba la karafuu mwaka 1880, yule mama anayechuma mpe kaniki, ile shuka ya rangi ya kiza, au merikani, pamba isiyotiwa rangi, aliyojifunga kifuani, mabega wazi, kichwa wazi. Najua walimu wanaona haya. Wananiambia, "Bi mkubwa, wazee watasema nini?" Lakini ukimfunika vizuri tangu onyesho la kwanza, umeifuta hadithi nzima, maana siku atakapojitupia kanga kichwani kwa mara ya kwanza hakuna atakayeelewa amepata nini. Kama ni suala la heshima ya jukwaani, mvalishe fulana ya rangi ya mwili chini ya kaniki. Kichwa kiache.

Wa mjini alikuwa na mambo yake. Ukaya ndio unaosahaulika kabisa siku hizi: kitambaa chepesi, cha buluu iliyoiva au cha melimeli, kinafunika kichwa, kinakazwa chini ya kidevu, na ncha zake mbili ndefu zinaning'inia. Ni rahisi kutengeneza na jukwaani unapendeza mno kwa sababu zile ncha zinatembea na mtu. Nunua kitambaa chepesi cha pamba, usinunue shifoni ya poliesta. Inang'aa kwenye taa na inateleza kila anapogeuka.

Kwa wanawake wa majumba ya Kiomani kuna barakoa, ile ya kuficha sehemu ya uso, na hapa watu wengi huniletea picha ya Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, kama ushahidi. Itazameni kwa makini, lakini mkumbuke kuwa Salme aliondoka Zanzibar mwaka 1866, na zile picha za mavazi ya kwao alipigwa Ujerumani. Zinakuonyesha nguo. Hazikuonyeshi alivyokuwa akitembea Mtoni siku ya kawaida, na mwanamke wa daraja lake asingemwonyesha uso wake mpiga picha mwanamume huku kwetu. Kadi za posta za kina Gomes na Coutinho, za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa 20, nazo ni vivyo hivyo. Mikao ilipangwa, kadi zikauzwa kwa wageni. Mimi sichukui kitu mpaka nikione kwenye picha zaidi ya moja, na za wapigaji tofauti. Nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, ukae na picha uzitazame kichwa kimoja kimoja. Simu haitakuonyesha mkunjo wa kitambaa.

Sasa kilemba, ambacho ndicho ninachokipenda. Baada ya mwaka 1897 wanawake waliokuwa watumwa walikimbilia kanga, na picha za miaka ya 1900 zimejaa wanawake wa mjini wenye kanga kifuani, nyingine mabegani, suruali ya marinda ikichungulia chini, na kilemba kichwani. Tazama masikio: yako wazi. Kilemba kinakaa juu yake ili majasi yaonekane, yale mapambo ya duara yaliyokaa kwenye matundu ya masikio, mengine ya karatasi za rangi zilizoviringishwa. Ukimfunga binti kilemba mpaka shingoni kama anavyofunga ushungi wa skuli, umempeleka miaka mia mbele.

Kufunga kwenyewe ni hivi. Kanga iwe ya pamba tupu, na iwe imefuliwa mara kadhaa mpaka wanga umetoka. Kanga mpya ina ukakamavu wa karatasi na itafumuka katikati ya ngoma. Funga kwanza kitambaa chembamba cha pamba ndani, kinachobana kichwa, maana hicho ndicho kitakachokunywa mafuta ya nywele na kukamata kilemba. Kanga ikunje kwa urefu mpaka iwe utepe mpana. Weka katikati yake kisogoni, lete ncha mbele, zipishane juu ya paji la uso huku binti mwenyewe akishika kwa kidole, kaza, zirudishe nyuma, halafu mabaki yasokote na uyachomeke ubavuni. Kisha chukua sindano na uzi wa rangi ile ile ushikize sehemu mbili tatu, ndani, pasipoonekana. Pini zinaanguka na zinachoma. Mtu wa lelemama, ngoma ya wanawake, anacheza kwa muda mrefu na kichwa kinafanya kazi kama mikono, kwa hiyo usimwachie mpaka ametikisa kichwa mbele yako.

Majasi ya kuigiza hayahitaji tundu jipya. Kata utepe mwembamba wa karatasi ngumu ya rangi, mwekundu na wa dhahabu pamoja, uviringishe kwa kubana sana mpaka upate kidonge bapa kama sarafu, gundisha mwisho, kisha kibandike kwenye hereni ya kubana. Mtu wa mstari wa tatu hatajua.

Jina la kanga ni tatizo la kudumu. Kanga za mwanzo hazikuwa na maandishi. Majina yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Mchezo wa mwaka 1890 wenye kanga iliyoandikwa kwa herufi kubwa za Kirumi mgongoni unachekesha, hasa pale watazamaji wanapoanza kulisoma jina kwa sauti. Tafuta kisuto, aina ya kanga, kisicho na jina, au kunja pindo la chini kwa ndani ulishone kwa muda. Kwenye kilemba ni rahisi, mkunjo unaficha.

Buibui, basi, ni la lini? Lilienea mjini katika miaka ya 1910 na 1920. Kwa hiyo mchezo wa zama za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, hapo buibui la barabarani ni lake kabisa. Lakini si hili la mikono linaloshonwa kama kanzu ndefu. Lile la zamani lilikuwa pana, likikazwa kichwani kwa kamba na kuporomoka mwili mzima, na mvaaji alilishika na kulikusanya kwa mkono alivyotaka. Fundi yeyote atakushonea ukimweleza. Kazi ni kumfundisha binti kulivaa, kwa sababu mkono mmoja unashughulika na nguo muda wote. Mpe wiki ya kutembea nalo nyumbani, apande na ngazi.

Na nywele? Jiulize kwanza kama zitaonekana. Mwanamke yuko uwani, wenzake wanatwanga, hakuna mwanamume asiyemhusu. Hapo ndipo kichwa kinakuwa wazi na msuko unahesabika. Twende kilioni ndio ninaoutumia zaidi: mistari iliyonyooka kutoka paji la uso kwenda kisogoni, imelala, na kilemba kinakaa juu yake bila vinundu. Suka siku mbili kabla, ngozi ipoe. Mabutu makubwa yanafaa kwa mtu aliye nyumbani lakini chini ya kilemba yanamtoa pembe. Rasta za kuongeza usitie. Aliyetia dawa nywele zake, msuke kwa kubana zaidi kidogo na mafuta ya nazi yawe haba, la sivyo msuko unafumuka kabla hajaingia jukwaani.

Nyusi zilizochorwa kwa penseli zinaharibu kazi yote hii, zifutwe. Kikuba, kile kishada cha asumini na mrihani, kifungwe jioni, siku ile ile.

La mwisho ni la kuazima. Wazee watakupa kanga zao za zamani kwa moyo mweupe, na wewe usizipeleke jukwaani. Zitazame, zipige picha, upime mkunjo, uzirudishe zikiwa zimefukizwa udi. Kwa jukwaa nunua mitumba ya kanga. Ukiuliza Darajani hukosi anayeziuza.