Maswali ya Wasomaji: Sanduku la Maoni Limekauka

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni meneja wa kampuni ndogo ya uwakala wa forodha hapa Shimanzi, Mombasa, yenye wafanyakazi 23. Miaka miwili iliyopita tulitundika sanduku la maoni karibu na jiko la chai, tukawaomba wafanyakazi waandike lolote litakaloboresha kazi. Mwezi wa kwanza vikaratasi vilijaa. Siku hizi nikilifungua nakuta maganda ya peremende. Papo hapo, nimegundua kwa bahati tu kwamba karani wetu wa bandarini ametengeneza jedwali katika simu yake, linaloonyesha kila kontena limebakiza siku ngapi kabla ya kuanza kutozwa storeji, yaani ada ya kontena kukaa bandarini kupita muda wake, na hakumwambia mtu. Jambo la tatu, kampuni tatu tunazofahamiana nazo zinataka tushirikiane malori, ili lori lililorudisha kontena tupu lisirejee bila mzigo. Mkurugenzi wetu anahofia kuibiwa mbinu na wateja. Nianzie wapi? Meneja, Shimanzi.

JIBU: Waaleikum salaam, Bi. Meneja. Umeeleza mengi, lakini hukusema vile vikaratasi vya mwezi wa kwanza vilikwenda wapi, na mimi nashuku jibu la swali lako limelala humo. Mfanyakazi aliyeandika wazo lake, akalikunja, akalitumbukiza sandukuni, kisha asisikie ndiyo wala la, hawezi kuandika tena. Na wenzake waliomwona akiandika nao wamekwisha kupata funzo. Kwa hiyo usinunue sanduku kubwa zaidi, wala usitangaze zawadi. Vitafute vikaratasi vile vya zamani, hata kama vimo katika droo ya mhasibu, uvisome kimoja kimoja katika kikao cha Jumatatu, na kila kimoja ukipe jibu siku hiyo hiyo: tutalijaribu, au hatutalijaribu kwa sababu fulani. Wazo lililokataliwa kwa sababu inayoeleweka halimvunji mtu moyo kama lile lililonyamaziwa.

Yale mtakayoyajaribu, kila moja lipewe mtu wa kulisimamia, tarehe ya kumalizia na fedha kidogo ambazo msimamizi hatahitaji sahihi tatu ili azitumie. Jaribio liwe dogo, na kabla hamjaanza mkubaliane mtapima nini, kwa sababu mkingoja mwisho ndipo mchague kipimo, kila mtu atachagua kile kinachompendeza.

Sasa karani wako. Kabla ya kumsifu au kumlaumu, jiulize kwa nini alificha. Yumkini alihofia kuongezewa kazi bila malipo, au kukemewa kwa kushika simu saa za kazi. Yote mawili ni mambo ya ofisi yako, si ya tabia yake. Alichonacho kwa sasa ni uvumbuzi wa mtu mmoja: simu hiyo ikitumbukia majini kesho pale feri ya Likoni, kampuni itarudi kulipa storeji kama zamani. Utakuwa ubunifu wa kampuni siku ambayo karani mwingine ataweza kulijaza jedwali hilo yeye akiwa likizoni. Mwombe awafundishe wawili, mwondolee kazi nyingine ya kiasi hicho, na jina lake litajwe kila jedwali linapotajwa.

Wakati wenzake wanalitumia, wewe tazama tu wanavyolitumia. Huduma ya M-Pesa ilipokuwa katika majaribio mwaka 2005, ilikusudiwa kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Watu waliokuwa katika majaribio wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao kwa haja zao nyingine, na wasimamizi wakawa na busara ya kuufuata mkondo huo. Ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Huenda na ninyi mkakuta kwamba faida kubwa ya jedwali ni kumjibu mteja anayepiga simu saa moja asubuhi akiuliza mzigo wake.

Kuhusu hofu ya mkurugenzi, sheria haitamsaidia sana. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 haihesabu mbinu za kuendesha biashara kuwa uvumbuzi unaoweza kupewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kuutumia peke yako, kwa hiyo utaratibu wa kugawana malori hauna mwenyewe. Ninyi mtakuwa na usalama zaidi katika kile kisichonakilika upesi: bidii ya kulijaza jedwali kila asubuhi bila kukosa.

Ushirikiano wenyewe mimi nauunga mkono, na mfano uko jirani yenu. Wachongaji wa Changamwe kwa miaka mingi walitegemea mpingo na muhugu. Miti hiyo ilipoadimika, baadhi yao wakageukia mwarobaini, unaoota kwa wingi hapa pwani. Lakini mwarobaini usipokaushwa vizuri hupasuka, kwa hiyo haikutosha mchongaji peke yake kubadilika. Ilibidi mkulima akubali kuuza mti wa shambani mwake, ukaushaji ujifunzwe upya, na mnunuzi akubali kinyago cha rangi ambayo hakuizoea. Mmoja wao angegoma, gogo lingebaki kuni.

Basi andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja kabla lori la kwanza halijawashwa. Yaseme nani atalipa kontena likipondwa, amana ya kontena (fedha za dhamana ya kulirudisha) itabaki kwa nani, malipo yatatolewa baada ya siku ngapi, na anayetaka kujitoa atatoa notisi ya muda gani. Mnachopashana kiwe lori liko wapi, lina nafasi saa ngapi na linabeba kontena la futi 20 au 40. Majina ya wateja yabaki kwa kila kampuni; taarifa za watu binafsi zina sheria yake ya mwaka 2019. Bei msizizungumze kabisa, hata kwa utani kwenye kahawa, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza washindani kupatana bei au kugawana wateja. Anzeni na njia moja, tuseme Changamwe hadi Miritini, kwa malori mawili na wiki sita.

Mkurugenzi umwalike katika kikao hicho cha Jumatatu, kwa sababu asipokuwapo watu watasema hana habari. Ila mwombe, kwa adabu na mapema, awe wa mwisho kusema.