Maswali ya Wasomaji: Nusu siku mbele ya samaki, Dubai na Cape Town

Barua zilizotufikia Lubumbashi mwezi huu ni za watu wanaofunga mizigo. Tumechagua zinazouliza jambo moja: jinsi ya kutembelea akwariamu kubwa, yaani nyumba za matangi ya samaki, bila kupoteza pesa wala siku.

Ninaenda Dubai kununua nguo na viatu. Kabla ya kurudi nitabaki na nusu siku tupu. Wenzangu wengine wanasema akwariamu ya Dubai Mall inaonekana bure, wengine wanasema tiketi ni ghali. Nani mkweli?
*Mama mfanyabiashara, Kamalondo*

Wote ni wakweli, mama. Uso wa tangi umeelekea ndani ya duka kubwa la Dubai Mall kwenyewe, kwa kioo chenye upana wa karibu mita 33 na kimo cha mita 8, na kusimama mbele yake hakulipiwi. Tangi hilo lina lita milioni 10. Ukitaka kulijaza kwa bidoni zetu za lita 20, utahitaji bidoni 500,000. Kinacholipiwa ni njia ya kioo ya mita 48 inayopita ndani ya maji, pamoja na sehemu ya ghorofani yenye matangi madogo, pengwini na mamba mkubwa wa Australia.

Ukiwa na saa moja tu, tazama ya bure na uende zako. Ukiwa na saa tatu, nunua tiketi ya kawaida inayojumlisha njia ya kioo na ghorofani, na uishie hapo. Dirishani watakutajia vifurushi vingi. Mashua yenye sakafu ya kioo, kwa mfano, inazunguka juu ya maji yale yale ambayo umeshayaona kwa mbele na kwa chini. Linganisha bei ya mtandaoni na ya dirishani kabla ya kulipa, na ukipiga hesabu kichwani kumbuka kwamba dola 1 ni dirhamu 3.67.

Kama umelala Deira karibu na Baniyas Square, panda metro ya mstari wa kijani, ubadilishe Union kwenda mstari mwekundu, ushuke kituo cha Burj Khalifa/Dubai Mall. Watu wengi hudhani wamefika. Bado kuna ujia wa ndani wa karibu mita 800, kwa hiyo viatu vipya vya kujaribu viache hotelini. Mizigo ipeleke kwanza kwa wakala wa kago, maana metro haitakupokea na marobota. Usile wala kutafuna bazoka ndani ya treni, ni faini. Behewa la wanawake na watoto ni halali yako. Mume wako akiingia humo, atalipa yeye.

Chagua asubuhi ya Jumatatu hadi Alhamisi, mara wanapofungua. Mapumziko ya juma kule ni Jumamosi na Jumapili, na kila jioni duka linafurika. Ukiingia kwenye njia ya kioo, usigande mlangoni kama wengine: tembea hadi katikati, ndipo usimame. Beba kitenge cha kujifunika. Nje ni joto kali, lakini ndani baridi ya mashine haina huruma.

Mwezi wa saba tunaenda Cape Town kwa dada yangu, mimi na watoto wawili, wa miaka 5 na 9. Tutaweza kumaliza akwariamu yote?
*Baba wa Katuba*

Msijaribu kumaliza. Mtoto wa miaka 5 huchoka baada ya saa moja na nusu, na kinachofuata ni kilio.

Kwanza safari yenyewe: Afrika Kusini inadai kadi ya njano ya homa ya manjano kwa anayetoka Kongo, na chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa. Msichanjwe juma la safari.

Two Oceans Aquarium iko V&A Waterfront, eneo la bandarini, tangu 1995. Mwezi wa saba Cape Town ni majira ya mvua na baridi, na shule zao pia huwa likizoni mwanzoni mwa mwezi. Mvua ikinyesha, kila mzazi wa mji ule anawaza akwariamu. Ninyi nendeni siku ya jua, wakati wenzenu wanapanda Table Mountain, na mfike saa ya kufungua.

Mlangoni someni kwanza ubao wa saa za kulisha, kisha pangeni ziara kurudi nyuma kutoka saa hiyo. Fikeni kwenye tangi husika dakika 20 mapema, mdogo akae mbele. Muda wenu mrefu uacheni kwa msitu wa mwani. Mashine huyatikisa maji yake mfululizo, kwa sababu mwani ule mkubwa hula kile maji yanachopitisha kwenye majani yake. Maji yakisimama, unadhoofika. Kaeni tu hapo. Samaki waliojificha huanza kuonekana baada ya dakika chache.

Kwenye bwawa la kugusa, watoto waoshe mikono kabla, bila mafuta ya kujipaka. Waguse kwa vidole viwili, na wasimtoe mnyama majini. Kugonga kioo ni marufuku, tena kuna sababu: sauti majini hukimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani, na samaki huisikia kwa mwili mzima. Huyo wa miaka 9 mpe kazi, kwa mfano kuhesabu samaki bapa waitwao taa na kuandika majina yao. Asiye na kazi ndiye anayegonga.

Foto zangu za akwariamu hutoka na doa jeupe au ukungu wa buluu. Simu yangu ni mbovu?
*Kijana wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi*

Simu ni nzima. Doa jeupe ni mwanga wa flashi uliorudi kutoka kwenye kioo. Izime. Futa lensi kwa kitambaa laini, kisha igusishe simu kwenye kioo chenyewe ili mwanga wa nyuma yako usipate pa kuingilia. Nguo nyeupe nayo hujionyesha kiooni, vaa nyeusi. Piga ukielekea kioo moja kwa moja. Ukipiga kwa upande, unene wa kioo unavuruga sura ya samaki. Gusa skrini mahali alipo samaki ili simu isishike uchafu wa kioo badala yake. Akienda kasi, msindikize kwa mkono au chukua video. Buluu yenyewe husababishwa na maji, ambayo humeza rangi nyekundu kwanza, kwa hiyo piga wanapokaribia kioo.

Kwa nini papa hawali wale samaki wengine?
*Mwanafunzi wa darasa la nne, Likasi*

Msomaji wetu amekusudia samaki mwenye meno, si baba wa nyumbani. Papa wa akwariamu hulishwa kwa ratiba hadi washibe, na aliyeshiba hasumbuki kukimbiza. Mara mojamoja samaki mmoja hupotea hata hivyo.

Nimezaliwa Kalemie. Je, katika akwariamu hizo nitaona samaki wa ziwa letu la Tanganyika?
*Mama wa Kampemba*

Baadhi ya akwariamu duniani hutenga tangi kwa ajili ya ziwa letu. Tafuta kibao chenye neno Tanganyika, kisha chunguza mchangani: kuna visamaki vinavyoishi ndani ya makombe ya konokono na kuzalia humo humo. Ndakala, yaani dagaa wa ziwani, usiwatafute. Ni samaki wa maji wazi, magamba yao hutoka kwa kuguswa tu, na hufa upesi mkononi mwa mvuvi. Hao utaendelea kuwaona sokoni.