Grenada: watoto walipenda nini zaidi

Umeuliza tulipenda nini zaidi miezi ile mitatu Grenada, kisiwa cha Karibi. Kwa watoto ni kasa wa ufukwe wa Levera, wala hawabishani. Ni wale wakubwa mno wenye gamba kama ngozi, wanaopanda ufukweni usiku kutaga mayai. Nendeni kuanzia Aprili, pamoja na mwongozaji, na tochi zenu mzime. Kitinda mimba wetu alikaa kimya saa nzima, muujiza huo! Mimi na baba yao tunachagua mji wa Gouyave: samaki wa Ijumaa usiku, na mchana kituo cha kusindika kungumanga. Oil down nayo, shelisheli na nyama ya chumvi vikipikwa mpaka tui la nazi likaukie, ningeila kila wiki. Grand Anse ni pazuri, ila ufukwe ni ufukwe.