Jaketi ya ngozi: wachana na lebo, beba tepu

Ukienda kutafuta jaketi ya ngozi Gikomba ama Toi, masoko ya mitumba hapa Nairobi, na kitu pekee umebeba kichwani ni "mimi huvaa M", utazunguka hadi miguu iwake moto na bado urudi nyumbani na kitu inakukaba kwapani. Hiyo M ni ya nani? Kwa henga moja hapo sokoni unapata jaketi ya Korea imebanana na ya Ujerumani, ya Marekani, ya Uingereza, na zile za China zimeandikwa namba kama za simu, na muuzaji amezipanga kwa rangi, si kwa saizi. Mimi kabatini niko na jaketi tatu za ngozi zinanikaa poa kabisa, moja imeandikwa 95, ingine 14, ingine 46, na mwili ni huu huu mmoja.

Hizo namba si za kubahatisha lakini, kila moja ina akili yake, na ukishajua unapunguza kazi sana. Jaketi za Korea (na kwa mitumba ziko nyingi) zinaandikwa 90, 95, 100, 105, hiyo ni kifua kwa sentimita, basi. China ukiona 175/92A ujue ni ya mtu wa urefu wa sentimita 175 mwenye kifua cha 92, na hiyo herufi ya mwisho inasema umbo, A ni wa kawaida, B amejaza kiuno kidogo. Za wanaume za Ulaya, 48, 50, 52, ni nusu ya kifua kwa sentimita, kwa hivyo 50 ni mtu wa kifua cha 100. Marekani na Uingereza wanapima wanaume kwa inchi, hiyo 50 kwao inakuwa 40, yaani unatoa kumi na umemaliza hesabu.

Sisi wanawake ndio tumewekewa fujo. Uingereza ukivaa 12, Marekani wewe ni 8, Ujerumani 38, Ufaransa 40, Italia 44. Sasa fikiria umeshika jaketi imeandikwa 40 na lebo ya nchi imekatwa, hujui ni 40 ya mama wa Ufaransa ama 40 ya mwanaume wa Texas. Na hizi herufi, S, M, L, hata usiziulize kitu, kila kampuni inajipangia yake na kuna zile zinaongeza upana kimakusudi ndio kastoma ajiskie amekonda. Halafu kitu watu husahau, hiyo namba ya lebo ni kipimo cha mwili wa mtu, si cha jaketi, jaketi yenyewe lazima iwe kubwa kuliko hapo na ni kiasi gani inategemea aliyeishona alikuwa na mawazo gani.

So mimi siku hizi lebo nasoma tu kujua nianze kushika wapi, uamuzi ni wa tepu. Tepu ya fundi wa nguo ni pesa kidogo sana na inakunjika ndani ya pochi. Kabla utoke nyumbani chukua jaketi yoyote unajua inakutosha, hata ya jinzi ni sawa, funga, ilaze kwa meza bila kuivuta, upime hivi: kwapa hadi kwapa, mshono wa bega hadi mshono wa bega huko nyuma, mkono kuanzia bega hadi mwisho, na mgongo kuanzia chini ya kola. Andika kwa simu. Hiyo ya kwapa ukizidisha mara mbili ndio mzunguko wa jaketi. Mimi kifua ni inchi 38, kwa hivyo natafuta kwapa hadi kwapa inchi 20 ama 20 na nusu kama nitavaa na tishati, na kama ni ya kuvalia sweta ndani nataka 21. Chini ya inchi mbili za nafasi kwa mzunguko mzima sigusi, ju ngozi haikuvumilii vile kitambaa cha kuvutika kinavumilia.

Na hapa ndio utaskia ule wimbo wa kila muuzaji, "siste hiyo itapanuka ukivaa." Kiasi ni ukweli. Ngozi hulainika na kushika umbo lako kwa kiwiko, kwa mgongo kati ya mabega, hapo kwa kukunjakunja, na ya kondoo inaachia haraka kuliko ya ng'ombe ambayo wiki za kwanza unatembea nayo kama umevaa mlango. Lakini mshono wa bega hauendi popote. Mkono hauongezeki urefu, hata kiwiko kikijikunja unapanda kidogo. Na zipu ikikataa kufunga leo usijidanganye na Desemba.

Bega ndio nianze nalo kila mara. Weka kidole pale mfupa wa bega unaishia, kuna kakilima hapo ukiinua mkono, mshono unatakiwa ukae hapo juu ama upite kidogo sana, kama nusu inchi. Ukiingia ndani kuelekea shingo, jaketi itakuvuta kila ukinyoosha mkono na kola itapanda nyuma ya masikio. Ukishuka chini unakaa mtoto amevaa ya babake. Mimi mabega nimerithi ya baba yangu, mapana, na ndio maana nusu ya jaketi zangu nimetoa upande wa wanaume, hiyo 95 ya Korea ni ya kiume na hakuna mtu amewahi kujua. Shida ya za kiume kwa mwanamke ni nyonga, juu inakaa poa halafu chini inakataa kufunga, kwa hivyo natafuta ile ya zipu mbili inayofunguka pia kutoka chini, ama fupi inayoishia kiunoni.

Kwa nini bega? Kwa sababu ndio kitu fundi atakuchaji karibu bei ya jaketi yenyewe, na bado kazi iharibike. Mkono kukata ni rahisi kama hauna zipu wala vifungo huko mwisho. Ubavuni kupunguza pia inawezekana, bitana inafunguliwa, mshono unaingizwa ndani, inarudishwa. Bega linataka mkono wote ung'olewe. Na ngozi ikishadungwa sindano tundu linabaki hapo milele, si kama pamba ukipiga pasi linapotea, ndio maana kupunguza kunawezekana lakini kuongeza ni ndoto, hata kama ndani kuna ngozi ya ziada utaona mstari wa matundu ya zamani umepita hapo nje. Iliyo kubwa kidogo inaokolewa, iliyokubana achia mwingine. Na usipeleke kwa fundi yeyote tu wa cherehani ya kushonea yunifomu. Soko la Kariokor, hapa hapa Nairobi, kuna mafundi wa ngozi wa ukweli lakini wengi mkono wao umezoea viatu na mikoba, kwa hivyo muulize kwanza akuonyeshe jaketi amewahi kuguza, asipokuwa nayo shukuru uende.

Kitu ingine inachanganya watu ni mtindo. Ile jaketi ya zipu ya kukata kifua kwa upande, inaitwa Perfecto, ilitengenezwa na Irving Schott huko New York mwaka 1928 kwa waendesha pikipiki, na A-2 ya marubani wa jeshi la Marekani ni ya 1931. Zote mbili zilikatwa ziwe fupi na zikushike mwili ndio upepo usiingie, na wanaozinakili mpaka leo wengi wanafuata hivyo. Ukivaa moja yao ukaona kiuno kiko juu, haimaanishi umechukua saizi ndogo, ndivyo ilivyo, ukiongeza saizi ndio ikufikie makalioni utapata bega limeanguka. Kinyume chake ni zile ndefu za miaka ya tisini, pana, mifuko mikubwa, zile wazee bado wanavaa harambee hata jua likiwaka. Hizo M yake inameza L mbili za leo.

Ukishapata ya kujaribu, usikimbilie kioo. Kioo kinakuona umesimama wima umeshika pumzi na hakuna siku unaishi hivyo. Funga zipu hadi juu kabisa, hata kama utavaa ikiwa wazi, uone kama inakufinya koo. Nyoosha mkono juu kama umeshika chuma cha matatu imejaa, jaketi itapanda, sawa, lakini kiuno chote kisibaki nje. Jikumbatie. Kaa kwa kile kistuli cha muuzaji, akikunyima chuchumaa. Mikono ukiiweka mbele kama unaendesha gari, mwisho wa mkono wa jaketi ukirudi zaidi ya inchi mbili kutoka kwa kifundo cha mkono wako ni fupi. Zile za pikipiki za ukweli zina mgongo mrefu na mikono imepindwa tayari, ukisimama nayo unaonekana ni kama unataka vita, ukikaa kwa nduthi ndio inaingia mahali pake, so kama hauendeshi achana nayo hata ikiwa tamu namna gani.

Na uhakikishe ni ngozi jamani, ju hizi hesabu zote za kushika umbo hazifanyi kazi kwa plastiki. Tafuta mahali ngozi imekatwa na haijafunikwa, sana sana ndani ya pindo la chini ama nyuma ya zipu. Ngozi ukiangalia ukingo wake ina nyuzinyuzi kama za nyama kavu, ile feki unaona kitambaa cheupe kimegandishwa ngozi ya plastiki juu. Bonyeza kwa kidole gumba, ngozi inakunja vijistari vinasambaa kila upande, feki inabonyea tu. Angalia kola, ndiko feki huanza kubambuka. Jaribio la moto wa kiberiti usimruhusu mtu akufanyie hapo, utanunua jaketi imeungua.

Kwa bei, hii baridi ya Julai kila mtu anatetemeka na muuzaji anajua unatetemeka. Mimi hununua Januari na Februari, jua kali, watu wamelipa karo wameisha, jaketi nzito hakuna anayezitaka na mwenye kibanda anataka nafasi. Gikomba enda asubuhi mapema kama unataka kamera, ile ya kwanza kwanza robota likifunguliwa, ukifika mchana unakuta fagia, yaani mabaki, na jaketi nzuri zishaenda kwa wenye stoli za katikati ya jiji ambao watakuuzia mara mbili. Toi iko na utulivu kidogo, unaeza jaribu bila kusukumwa na mkokoteni.

Za Instagram na WhatsApp nanunua lakini kwa masharti. Nauliza kwapa hadi kwapa ni inchi ngapi, na ninataka picha tepu ikiwa juu ya jaketi. Jibu la kawaida ni "ni medium dear itakutosha", mimi narudia swali vile vile bila hasira. Wenye wanajua kazi wanatuma picha kabla hata ya dakika kumi, na wale wa "nitakucheki" huwa sirudi. Akikubali, naomba rider asubiri nijaribu ndio nitume pesa, na nikifungua mlango tepu iko tayari mkononi.