Kimbunga "kimeisha" Dar, siyo Somanga kule Kilwa: usipakie mzigo wa kusini kwa kusikiliza taarifa ya habari

Mleta uzi, shusha kwanza hayo matenga halafu ndiyo tuongee.

Umeandika kwamba TMA, mamlaka ya hali ya hewa, walitoa tahadhari ya mvua kubwa kwa Pwani, Lindi na Mtwara, jana usiku televisheni ikasema hali imetulia, na wewe una Fuso la nyanya na vitunguu hapo Ilala linasubiri kwenda Lindi. Unauliza mambo mawili: uondoke usiku huu au alfajiri, na serikali inafidia kama barabara ikikatika. Waliokutangulia kuchangia wote wanakuambia "nenda mkuu, Mungu yupo". Mungu yupo, ndiyo. Kalavati ndilo halipo.

Swali lako lilitakiwa kuwa moja tu: imetulia wapi?

Mimi sikuliuliza hilo swali Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya. Kama ulikuwa mjini unakumbuka hali ilivyokuwa. Wiki nzima jiji linaongelea kimbunga. Boti za Zanzibar zikasimamishwa, watu wakanunua mishumaa, kila kundi la WhatsApp lina mtaalamu wake wa hali ya hewa aliyefeli jiografia. Jumamosi tarehe 4 Hidaya akaingilia Mafia, na usiku ule TMA wakatangaza kwamba amepoteza nguvu. Tangazo lilikuwa sahihi kabisa na sina ugomvi nalo: kimbunga kama kimbunga kilikuwa kimekwisha. Kazi ya mamlaka ya hali ya hewa ni upepo, mvua na mawimbi. Hawakusema barabara inapitika, na kazi ya kuhesabu makalavati si yao.

Ila sisi wa mjini tulisikia neno moja tu: kimeisha. Jumapili asubuhi jua la Dar limetoka, Kariakoo watu wanacheka, na redio moja ambayo siitaji mtangazaji wake anatania kwamba Hidaya ameogopa foleni zetu. Utani ule uliingia vizuri kwa sababu tulikuwa na kumbukumbu ya kimbunga Jobo, Aprili 2021, aliyetangazwa kuja Dar na kufia baharini. Kwa hiyo kichwani kwa kila mtu mambo yalikuwa yamefungwa. Dar imepona, nchi imepona.

Nikampigia dalali wangu. Nikitulia huwa namsamehe, leo sijatulia. Akaniambia Lindi na Mtwara hakuna nyanya, magari yote yameogopa, atakayefika wa kwanza anapanga bei. Hiyo sentensi imemaliza mitaji ya watu wengi kuliko ulevi. Nikamuuliza njia ikoje, akajibu kwa kujiamini kabisa: "Kaka, si wametangaza kimeisha?" Yeye yuko Ilala, mimi niko Temeke, tunaulizana hali ya Kilwa kwa kuangaliana usoni. Sehemu ya ule mtaji ilikuwa ya kikoba cha mke wangu, sehemu ilikuwa ya wale jamaa wa kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kuua. Nikapakia.

Na njia ilivyo na dharau, ilinikaribisha vizuri. Mbagala, Vikindu, Mkuranga, lami kavu. Kibiti tukanywa chai. Ikwiriri, tukapita Daraja la Mkapa, Rufiji chini imejaa rangi ya matope lakini daraja limesimama kama kawaida yake. Dereva anapiga mluzi. Mimi nimeshaanza kuhesabu faida, na nimeshampa mtu mmoja ahadi ya simu mpya. Hatujafika Somanga tukakuta malori yamesimama, madereva wamelala chini ya magari kwenye kivuli. Dereva akilala chini ya gari lake mchana kweupe, hiyo siyo foleni ya dakika kumi.

Nikatembea kwa miguu hadi mbele. Kipande cha barabara hakipo. Na sisemi shimo. Kalavati lilizibwa na magogo na takataka, maji yakapanda juu ya tuta, yakala udongo upande wa chini mpaka lami ikabaki inaning'inia hewani bila kitu chini yake, kisha nayo ikadondoka. Ng'ambo naona basi la Mtwara limesimama limetuangalia. Watu wazima wamekunja suruali wanapima maji kwa fimbo. Na hapo palikuwa sehemu moja tu, wenzetu wa ng'ambo walikuwa wanatupigia kelele kwamba mbele kuna sehemu nyingine zimekatika pia.

Kitu ambacho sikukijua, na ambacho televisheni ya mjini haikunieleza: mvua ikikata pwani, maji yaliyonyesha bara kule juu bado yako safarini. Mito ile midogo ambayo kiangazi unaivuka bila kujua kwamba ni mto hufura baada ya jua kutoka. Na mwaka ule ardhi ilikuwa imeshiba zamani, mvua za El Niño zilikuwa zinanyesha tangu mwishoni mwa 2023. Aprili 25, kabla hata ya Hidaya, Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, alikuwa ameshaliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa kwa mafuriko nchini. Kwa hiyo siku ya jua kali ndiyo ilikuwa siku mbaya ya kusafiri, na mimi nililichukulia lile jua kama ruhusa.

Sasa nyanya. Nyanya haijui kwamba waziri yuko njiani. Ukifunika turubai zinachemka, ukifunua mvua inapita ya ghafla zinalowa. Matenga ya chini yakaanza kutoa maji, mwanzo matone, baadaye mchirizi mwekundu kwenye bodi ya gari, na nzi wote wa wilaya ya Kilwa wakapata habari kabla ya waandishi. Utingo akawa anachambua, nzima huku, mbovu kule, mpaka "kule" kukawa kukubwa kuliko "huku". Nikauza kwa abiria waliokwama. Nikabadilishana nyanya na mihogo ya mama mmoja aliyekuwa anapita na sinia. Mwishoni yule mama akazikataa nyanya akanipa mihogo ya bure. Nimefanya biashara miaka mingi, sijawahi kuonewa huruma kwa sauti ya upole kiasi kile.

Tukageuza. Kibiti nikauza zilizobaki kwa bei ambayo siandiki humu, mke wangu anasoma jukwaa hili.

Kilichonikera kuliko hasara kilikuja nikiwa pale pale barabarani. Mtandao ukipatikana, nafungua taarifa za mjini: mpira, siasa, msanii fulani kaachana na mtu fulani. Kilwa ina sekunde kadhaa katikati, picha moja ya maji, tunaendelea. Mvua ikinyesha Dar saa moja, Jangwani ikijaa, kuna mwandishi amesimama pale na mwavuli, tunaonyeshwa matangazo ya moja kwa moja mpaka maji ya Msimbazi yashuke. Mikoa miwili mizima inapotengwa na Dar, inakuwa "changamoto ya miundombinu". Usipime ukubwa wa dhoruba kwa urefu wa habari yake. Urefu wa habari unakuonyesha studio iko wapi, basi.

Nisiwe mwongo, serikali ilifika. Bashungwa, aliyekuwa Waziri wa Ujenzi, alikwenda kupiga kambi na TANROADS, wakala wa barabara, na wakandarasi wakamwaga mawe mpaka njia ikarudi baada ya siku kadhaa. Na siyo kila maafa ya mbali hupuuzwa: matope yalipoishukia Katesh, Hanang, Desemba 2023, Rais Samia alikatisha safari yake ya Dubai. Kwa hiyo simaanishi kuna mtu kakaa ofisini kaamua kusini isubiri. Ila kusini imezoeshwa kusubiri. Wazee wanakumbuka kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, masika ikianza watu wa Lindi na Mtwara wanaagana na Dar. Baada ya daraja, zile kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga zikachukua miaka mingine kutiwa lami. Na nilipowasikia watu mjini wakisema kimbunga Tanzania ni jambo geni, nikajua hawajawahi kumuuliza mzee wa Lindi. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Geni kwa nani?

Usidhani pia ni ushamba wetu peke yetu. Marekani yenyewe, mwaka 2017, vilipita vimbunga vitatu karibu karibu: Harvey kule Texas, Irma Florida, Maria Puerto Rico. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba ndani ya siku tisa za mwanzo waathirika wa Harvey, na wa Irma vivyo hivyo, walikuwa wametengewa karibu dola milioni 100 kila kundi. Wa Maria, milioni 6 na kidogo. Idadi rasmi ya vifo Puerto Rico ilikaa kwenye 64 karibu mwaka mzima, ndipo ikapandishwa hadi 2,975. Kimbunga Chido, Desemba 2024, kiliivunja Mayotte, ambayo kwenye karatasi ni Ufaransa kamili. Waziri Mkuu mpya wa Ufaransa wakati ule, Bayrou, siku mbili baadaye akapanda ndege kwenda Pau kuhudhuria kikao cha baraza la mji wake, kelele zikawaka nchi nzima. Ila hata hao Mayotte walipata kamera. Chido huyo huyo kesho yake aliingia Mecufi, Cabo Delgado, hapo ng'ambo ya Ruvuma kwa ndugu zetu, akaua watu zaidi ya 100 Msumbiji, na hapa mjini picha karibu zote nilizoziona zilikuwa za Mayotte. Kumbe hata kwenye kusahauliwa kuna madaraja.

Nimetoka nje ya mada, narudi. Kanuni yangu ni moja na nimeilipia: usipakie mzigo wa kusini mpaka gari lililotoka Lindi au Mtwara leo limefika upande wako. Nasema gari, na siyo abiria. Hapo ndipo wajanja wananaswa. Utaona watu wanashuka Mbagala na mabegi yao wanasema wametoka Mtwara, utasema njia imefunguka. Waulize: mlibadilisha basi njiani? Maana wakati ule abiria walikuwa wanavuka kwa miguu, wengine wamebebwa mgongoni, wanapanda basi jingine ng'ambo. Abiria anavuka. Tenga la nyanya halivuki. Na lililovuka liwe gari la uzito kama lako, siyo pikipiki wala Noah, kwa sababu yale mawe ya dharura wanaanza kuruhusu magari madogo kwanza.

Likifika lori, mfuate dereva wake, mnunulie chai, muulize kila sehemu kwa jina lake. Ameona maji yanashuka au yanapanda? Amepita mwenyewe au amevutwa na greda? Dereva hana sababu ya kukupamba. Ukishindwa kumpata, tafuta mtu anayeishi pale pale palipokatika, upande huu na upande ule, wawili wasiojuana. Yeyote aliye Dar, hata awe na suti na maikrofoni, hajui zaidi yako.

Na ukisoma tangazo la TMA lisome lote. Angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, vina maana tofauti, na huwa wanaeleza athari zinazoweza kutokea, ikiwemo miundombinu kuharibika. Sisi tunasoma rangi ya ramani tu, tukiona Dar haijapakwa tunafunga simu.

Fidia sahau. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, kuna kamati kuanzia kijiji hadi taifa, na msaada upo: chakula, magodoro, mahema. Msaada, siyo fidia. Mimi nilikwenda ofisi moja na picha za nyanya zangu kwenye simu. Wakaniuliza naishi wapi, nikasema Temeke. Temeke haina maafa. Mzigo umeharibikia wapi? Kilwa. Kilwa wanahesabu kaya zao, na mimi siyo kaya ya Kilwa. Yule ofisa alikuwa na adabu, tatizo hakuwa yeye. Mbele yangu kulikuwa na mzee ambaye nyumba ya mwanawe ilikuwa imeondoka na paa lake, nikaizima simu yangu taratibu nikaiweka mfukoni.

Nyanya kama bado ngumu, zitoe kwenye gari usiku huu, zipange chini penye hewa, usizifunike turubai, na kesho uza nusu hapo hapo Ilala hata kama dalali atanuna. Vitunguu vinavumilia. Lindi watakula nyanya wiki ijayo.

Nina jamaa wawili, mmoja yuko Somanga, mwingine Nangurukuru, nakutumia namba zao kwenye inbox. Ila watumie vocha kabla hujawapigia, maana wanatoka kwenda kuangalia maji kwa miguu yao, na nyanya siyo zao.